Kuutafuta Ukoo Wako Ukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili wa Mtafiti wa Nyumbani

Wengi wanaoanza kutafuta asili ya familia zao jijini Nairobi huandika jina la babu kwenye Google, wakaambulia patupu, kisha wakakata kauli kwamba Waafrika hatukuandikwa. Kauli hiyo si sahihi. Tuliandikwa sana, na mara nyingi bila kuombwa ruhusa: na karani wa kodi, na mmishenari, na mwajiri, na chifu, na askari polisi. Shida ni kwamba maandishi hayo yalipangwa kufuata mahali na ofisi, na jina linalorithiwa bila kubadilika kutoka kizazi hadi kizazi halikuwako katika jamii zetu nyingi. Mwanangu huitwa kwa jina langu, nami huitwa kwa jina la baba yangu, kwa hiyo katika vizazi vitatu tu jina la mwisho limekwisha kuwa majina matatu tofauti. Ndiyo sababu mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: kabla ya kulitafuta jina la mzee wako, jua kwanza aliishi wapi, wakati gani, na ni ofisi gani iliyokuwa na sababu ya kumwandika.

Hatua ya kwanza: karatasi zilizo nyumbani

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali, kusanya kila karatasi ambayo familia imeihifadhi. Karibu kila nyumba ina sanduku la bati au bahasha ya kaki iliyowekwa chini ya godoro, na ndani yake mna vyeti vya ubatizo, vitambulisho vya zamani, kadi za kliniki, barua za kuajiriwa, risiti za karo, hati za shamba, na pengine daftari la shule ambamo wazee waliandika idadi ya mbuzi waliotolewa katika mazungumzo ya mahari. Daftari kama hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu hutaja mashahidi wa pande zote mbili, na mashahidi wa mahari huwa ni jamaa.

Ukikuta kipande, umebahatika. Sheria iliyoanzisha kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, mahali alikotoka na waajiri wake, na wengi waliibeba ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Ulikuwa utaratibu wa kudhalilisha watu, nao ulifikia mwisho katika miaka ya 1940; lakini kwa mtafiti wa leo, kipande kimoja kilichosalia humweleza babu alifanya kazi kwenye shamba la nani, kwa muda gani, na mara ngapi alihama.

Wanawake hawakuandikwa kwa namna hiyo. Sheria ya vitambulisho vya kitaifa haikuwahusu wanawake hadi ilipobadilishwa mwaka 1978, na kwa hiyo bibi aliyefariki kabla ya hapo huenda hajawahi kuwa na karatasi hata moja ya serikali yenye jina lake. Kumpata kunahitaji njia za pembeni: cheti cha ubatizo cha watoto wake, kesi ya mahari, orodha ya hospitali ya misheni, au jina lake lililopewa mjukuu. Nashauri uuanze upande wa wanawake mapema, kwa maana ndio unaopotea haraka zaidi.

Usiupuuze ule mkusanyo wa programu za mazishi ambazo kila familia ya Kenya imezirundika kabatini. Kijitabu cha mazishi kina wasifu wa marehemu, majina ya wazazi, ndugu, wake, watoto na wajukuu, shule alizosoma na kazi alizofanya. Tangazo la kifo gazetini nalo hufuata mpangilio wa aina hiyo: mwana wa fulani na fulani, ndugu wa fulani, mume wa fulani, babu wa fulani. Linganisha programu mbili au tatu za ndugu wa tumbo moja, nawe utaona majina yanayotajwa katika moja na kuachwa katika nyingine. Aghalabu pengo hilo ndipo penye habari: mke aliyeondoka, mtoto wa nje, au ugomvi wa shamba ambao haujaisha.

Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirishani bila kutumia mwako wa kamera. Picha zilizogandishwa kwenye albamu usizibandue. Zipige zikiwa papo hapo. Majina ya waliomo yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya hadi upande wa pili.

Hatua ya pili: mazungumzo na wazee

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa haraka. Mzee hahojiwi kama shahidi kortini. Nenda na sukari na majani chai, salimu, kula ulichopewa, na ueleze wazi kwamba unataka kuwaandikia watoto habari za ukoo. Ukiacha sababu bila kusema, mtu atadhani umetumwa kuhusu shamba, na hapo hutaambiwa neno la maana. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, weka simu mezani ionekane, na mwanzoni mwa rekodi utaje tarehe, mahali, jina la anayezungumza na jina lako.

Zungumza naye kwa lugha yake. Kijana wa Buruburu au Umoja aliyekulia katika Kiswahili, Kiingereza na Sheng aende na binamu anayekifahamu vizuri Kikamba, Kiluhya au Kijaluo cha nyumbani, kwa sababu maneno ya ujamaa ndiyo hupotea kwanza katika tafsiri. Katika lugha zetu nyingi, ndugu wa baba huitwa baba na dada wa mama huitwa mama. Mtu akikuambia «huyu ni baba yangu», uliza: je, ni yule aliyekuzaa, au ni mdogo wake? Swali hilo moja huokoa matawi mazima yasichanganyike.

Usiulize, «Ulizaliwa mwaka gani?» Wazee wengi huwa na tarehe iliyokadiriwa na karani, na ndiyo maana tarehe 1 Januari imejaa katika vitambulisho vyao. Uliza tukio. «Nzige walipokuja, ulikuwa unachunga au ulikuwa bado mgongoni?» Jibu la swali kama hilo hukupa mwaka kwa ukaribu wa kutosha, mradi uwe umejiandalia kalenda ya matukio ya eneo lako. Njaa kuu ya 1898 hadi 1900, iliyoambatana na ndui, inakumbukwa na Wakikuyu kama Ng'aragu ya Ruraya na na Wakamba kama Ngomanisye. Baada ya vita, mwaka 1918 na 1919, kulikuwa na njaa na homa kali ya mafua. Nzige walivamia kati ya 1928 na 1931. Njaa ya 1943 katika nchi ya Wakikuyu iliitwa ya mianga, yaani mihogo. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1961 kulikuwa na njaa iliyofuatwa na mafuriko, na Wakamba waliiita ya ndege kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Mwaka 1984 watu walikula mahindi ya manjano ya msaada. Mtu aliyetahiriwa, aliyeolewa au aliyezaa kifungua mimba karibu na mojawapo ya miaka hiyo hawezi kukupotea sana.

Zungumza na wazee mmoja mmoja kwanza, kisha wakutanishe. Wakiwa peke yao kila mmoja husema anachokijua. Wakiwa pamoja husahihishana, na ubishi wao ni sehemu ya ushahidi. Shangazi hasa asikose kuulizwa. Yeye alizaliwa katika boma lile, akaolewa kwingine, na kwa hiyo anaweza kusimulia mambo ya nyumbani ambayo kaka zake wanaona aibu kuyataja. Waulize pia kuhusu watoto waliokufa wakiwa wachanga, kwa upole na bila kushurutisha, kwa sababu bila wao mpangilio wa majina hautaeleweka.

Hatua ya tatu: majina yenyewe yana ramani

Katika desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao, kisha majina yahamie kwa ndugu za wazazi. Ukipata orodha kamili ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, umepata majina ya kizazi cha juu hata kama hakuna aliyekuambia. Ikiwa mvulana wa kwanza ana jina lisilolingana na la babu mzaa baba, basi ama kuna mtoto aliyemtangulia na kufariki, ama kuna jambo lingine la kuulizwa.

Miongoni mwa Waluo, jina kama Otieno au Atieno husema mtoto alizaliwa usiku, na Okoth au Akoth wakati wa mvua, kwa hiyo lenyewe halithibitishi undugu. Watu elfu wanaweza kuitwa hivyo bila kuwa na damu moja. Kwa Wakalenjin, uliza rika: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kipnyige, Nyongi. Marika haya huzunguka na kurudi baada ya miaka mia moja au zaidi, hivyo «Maina» wa baba mkuu si «Maina» wa mjukuu. Familia za Waswahili na za Kiislamu kwa jumla zina urahisi wa bin na binti, ambao hukupa vizazi viwili au vitatu katika sentensi moja.

Tahajia isikufungie njia. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia, padri Mwitaliano naye alivyosikia yeye. Andika jina la mzee wako kwa kila namna unayoweza kuifikiria, ukianza na herufi zinazochanganywa sana, kama vile L na R, B na V, C na CH, na uitafute kila moja.

Hatua ya nne: kanisa na msikiti

Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini kuandikisha hakukuwa lazima nchini kote hadi 1971. Kwa mtu aliyezaliwa kabla ya hapo, daftari la ubatizo huwa ndicho cheti chake cha pekee. Uliza familia ilisali wapi, kisha ufuate misheni iliyolianzisha kanisa hilo: Wascotland walifika Kikuyu mwaka 1898, mapadri wa Roho Mtakatifu wakaanza Mtakatifu Austin hapa Nairobi mwaka 1899, Wakonsolata wakaingia Murang'a mwaka 1902, Waquaker wakaanza Kaimosi mwaka huohuo, na Africa Inland Mission wakakaa Kijabe kuanzia 1903. Vigango vingi vya leo vilikuwa matawi ya parokia ya zamani zaidi, na daftari hubaki kwa parokia mama.

Mwandikie katibu wa parokia kabla ya kwenda, utaje jina, mwaka wa kukadiria na majina ya wazazi. Katika daftari la Kikatoliki usisome mstari wa mtoto peke yake. Angalia msimamizi wa ubatizo, ambaye mara nyingi ni jamaa, na pembeni mwa ukurasa, ambapo ndoa na kipaimara huongezwa miaka mingi baadaye. Kwa Waislamu, ndoa na talaka zilizosajiliwa kwa kadhi ndizo za kutafuta.

Hatua ya tano: Nyaraka za Taifa

Jengo la Nyaraka za Taifa lipo Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Zamani lilikuwa la Bank of India. Watu hupanga kukutana mbele yake kila siku, na wengi wao hawajawahi kuupita ule mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, ulio chini. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Nenda na kitambulisho, ulipe ada inayohitajika, na uombe kuonyeshwa fahirisi.

Hapa ndipo kanuni ya mahali na ofisi hudhihirika. Mafaili yamewekewa alama za ofisi zilizoyaandika: DC/MKS ni mkuu wa wilaya ya Machakos, DC/FH ni Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na PC/NZA ni mkuu wa mkoa wa Nyanza. Bila jina la kikoloni la wilaya na la lokesheni, karani wa chumba cha kusomea hawezi kukusaidia. Jua kwamba North Kavirondo ndiyo iliyozaa Kakamega na Bungoma, na kwamba Thomson's Falls ni Nyahururu. Kisha uliza chifu wa wakati huo alikuwa nani, maana ripoti nyingi zilipangwa kufuata machifu.

Usitarajie kumkuta babu mkulima katika ripoti ya mwaka ya wilaya. Tarajia kumkuta katika kesi: ya mpaka wa shamba, ya mahari isiyorudishwa, ya ng'ombe, au barua ya malalamiko dhidi ya chifu iliyotiwa vidole na wanaume wa kijiji kizima. Barua hizo ni hazina. Nazo sensa hazitakufaa kwa hili. Ile ya 1948 ilitoa jumla za watu, si majina ya kusomwa na wajukuu.

Hali ya hatari ina njia yake. Tarehe 24 Aprili 1954 operesheni iliyoitwa Anvil iliwasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi hadi kwenye kambi za uchunguzi, na familia nyingi zina mtu aliyepita Manyani au Lang'ata. Serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeyaficha mafaili ya makoloni yake. Sasa yamo katika hifadhi yao ya taifa huko Kew chini ya alama FCO 141, na orodha yake inasomeka bure mtandaoni.

Kama mzee wako alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, fahamu kwamba mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wabebaji hao, Carrier Corps. Sanamu tatu za ukumbusho wa vita hivyo zilizo Kenyatta Avenue hazina jina hata moja la mbebaji, na ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina. Kwa hiyo kutomkuta kwenye orodha hakuthibitishi kwamba hakwenda.

Hatua ya sita: mahakama, gazeti rasmi na ardhi

Kama ningelazimika kuchagua chanzo kimoja tu cha karatasi, ningechagua faili la urithi. Sheria ya urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na anayeomba kusimamia mali ya marehemu hutakiwa kuwataja kwa kiapo warithi wote. Faili huwa na barua ya chifu inayowaorodhesha wake na watoto, pamoja na mali yenyewe na namba za mashamba. Kwa kuwa sheria hiyo ilipotungwa iliwahesabu hata wake walioachwa miongoni mwa wategemezi, na kwa kuwa mali ya aliyeoa wake wengi hugawanywa kwa kuzingatia nyumba na idadi ya watoto wa kila nyumba, utakuta ukoo umepangwa nyumba kwa nyumba, binti walioolewa wakiwemo. Na penye pingamizi, kila upande huleta historia yake.

Namba ya kesi utaipata katika Kenya Gazette, linalochapishwa tangu 1899 na ambalo matoleo yake mengi yanasomeka bure mtandaoni. Tangazo hutaja marehemu, alikoishi, mwombaji na uhusiano wake na marehemu. Gazeti hilohilo huchapisha pia mabadiliko ya majina.

Kwa shamba, fanya upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi, na uombe historia ya usajili iliyo katika kadi ya kijani. Mwenye shamba wa kwanza, hasa katika maeneo yaliyounganishiwa vipande vya ardhi kuanzia miaka ya 1950, mara nyingi ni babu au kaka yake.

Hatua ya saba: mtandao na vipimo vya vinasaba (DNA)

FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, ni bure, nayo imekuwa ikirekodi nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika. Kwa kuhifadhi kazi yako mwenyewe napendelea Gramps, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti. Familia zenye asili ya Punjab au Gujarat, ambazo baadhi yao zilifika na reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, zina njia ambayo sisi wengine hatuna: makuhani wa Haridwar nchini India huhifadhi vitabu vya nasaba za mahujaji kwa kufuata kijiji na ukoo.

Kipimo cha vinasaba kina kazi maalumu na mipaka mikubwa. Nusu ya vinasaba vyako hutoka kwa kila mzazi, na binamu wa kwanza hushiriki takribani asilimia 12.5, kwa hiyo kipimo hutambua ndugu wa karibu kwa uhakika. Kinafaa pale baba hajulikani, au pale tawi la familia lilipotelea ng'ambo. Zile asilimia za kabila na eneo zisikushughulishe sana, kwa sababu hutokana na kulinganishwa na sampuli ambazo kwa sehemu kubwa ni za Wazungu. Kabla ya kutema mate kwenye kichupa, kumbuka kwamba taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe zilidukuliwa mwaka 2023, na kwamba kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025. Kumbuka pia kwamba jibu linaweza kuonyesha kuwa aliyekulea siye aliyekuzaa. Ongea kwanza na wale ambao jibu hilo litawagusa.

Hatua ya nane: kuandika na kushirikisha

Kwa kila jambo andika chanzo chake: nani alisema, lini, au faili gani na ukurasa gani. Mambo mawili yakigongana, yaandike yote mawili. Weka nakala kwenye simu, kwenye diski ya nje na mtandaoni, kisha uchapishe moja ya karatasi kwa ajili ya nyumba ya ushago, yaani kijijini.

Kundi la WhatsApp la ukoo linafaa kwa kutambua sura katika picha za zamani. Tuma picha moja kwa juma, maana ukituma nyingi kwa mkupuo hakuna atakayezitazama. Lakini usitume humo tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho au habari za uzazi za watu walio hai. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa binafsi kuwa za mwenyewe, na shangazi aliyekuamini kwa siri ya mwaka 1957 hakuiambia familia nzima. Mti utakaoupakia mtandaoni uwe na waliofariki tu. Walio hai waandikwe «yu hai», bila jina, hadi kila mmoja wao atakapokuruhusu.